Kidonge cha manjano na vumbi la vitabu

Mimi ni mkutubi, na vumbi la vitabu linanipigisha chafya. Najua inachekesha. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka siku nilipopiga chafya kumi na saba mfululizo mbele ya msomaji aliyekuja kuulizia kitabu kimoja tu. Aliyehesabu ni yeye.

Kwa miaka mingi tegemeo langu lilikuwa Piriton, kile kidonge kidogo cha manjano ambacho dawa yenyewe huitwa klofeniramini. Chafya zilikoma kweli. Lakini alasiri moja nilisinzia mezani, shavu likatua juu ya karatasi niliyotoka kuigonga muhuri. Nilizunguka na tarehe ya siku ile shavuni, imepinduka, hadi jioni, na hakuna mwenzangu hata mmoja aliyeniambia. Hasira ya siku hiyo ndiyo iliyonifanya nisome habari za dawa za mzio.

Nilidhani kidonge kinaifuta histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho, kama dasta inavyofuta ubao. Sivyo. Histamini tunayo sote, imewekwa akiba hasa ndani ya seli za kinga ziitwazo seli za masti, ambazo zimejaa kwenye ngozi, puani na kwenye njia ya hewa. Mwenye mzio ana kingamwili za aina ya IgE zilizojibandika juu ya seli hizo, zinamsubiri adui. Adui wangu, samahani kwa mnaokula, ni kinyesi cha utitiri, vile vijidudu visivyoonekana vinavyoishi kwenye vumbi. Kikiingia puani, seli zinamwaga histamini, nayo inakwenda kuketi kwenye vipokezi viitwavyo H1, ambavyo ni kama viti vyake juu ya seli nyingine. Hapo mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja, pua inavimba; neva zinasisimka, unawashwa na kupiga chafya; makamasi yanatiririka. Mambo hayohayo yakitokea kwenye ngozi, unapata yale mabaka yanayowasha.

Kazi ya dawa ni kukalia vile viti. Histamini inakuja, inakuta pamejaa. Lakini kama imeshaketi na mishipa imeshavuja, kidonge hakiwezi kurudisha maji yaliyomwagika. Kinazuia yanayofuata tu. Miaka yote nilikuwa nakimeza baada ya chafya ya kumi! Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Na usingizi? Hapa ndipo niliposhangaa. Ubongoni histamini ndiyo mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho. Klofeniramini, kama ndugu zake wa kizazi cha kwanza, hupenya hadi ubongoni na kukalia viti vya huko pia. Zaidi ya hapo inaingilia kazi ya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, ndiyo maana kinywa kilikuwa kinanikauka, na ndiyo maana wazee wengine hupata shida ya kukojoa wakizitumia. Huo upenyaji wake si hasara tupu, kwani promethazini, ya kizazi hichohicho, huwasaidia wanaotapika safarini.

Dawa za kizazi cha pili, yaani setirizini, loratadini na feksofenadini, huingia ubongoni kwa shida. Nilianza setirizini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Dada yangu inamsinzisha hata hiyo, kwa hiyo usikae nyuma ya usukani kabla hujajua inakufanyaje.

Aliyefungua njia hii ni mwanasayansi Daniel Bovet, mjini Paris mwaka 1937. Dawa yake ya kwanza ilikuwa na sumu mno kwa matumizi ya binadamu, lakini ilithibitisha kwamba histamini inaweza kuzuiwa, na mwaka 1957 akapewa Tuzo ya Nobel. Baadaye ikajulikana kuwa tumboni kuna viti vingine, H2, vinavyoamrisha asidi. Mwanasayansi mwingine, James Black, na wenzake wakapata simetidini ya kuvikalia. Kwa hiyo mwenzangu anayemeza famotidini kwa kiungulia naye anatumia dawa ya kuzuia histamini. Nilipomwambia hakuniamini.

Pua iliyoziba kabisa, vidonge hivi haviifanyii kazi kubwa. Mimi nilipewa dawa ya kupuliza ya steroidi. Kwa mafua ya kawaida pia usivitegemee. Na mtu akivimba koo, akashindwa kupumua au akazimia kwa mzio, usimpe setirizini ukasubiri: huyo anahitaji sindano ya adrenalini na msaada wa dharura papo hapo.

Jana ilikuwa zamu yangu ya kufuta rafu za magazeti ya zamani. Kidonge nilikimeza saa nzima kabla ya kugusa kitambaa. Nilipiga chafya mbili. Aliyesinzia mezani safari hii hakuwa mimi, na muhuri ulikuwa mkononi mwangu.