Siku moja ya mwalimu wa kwaya, Moshi

Saa 11 alfajiri. Nyumba bado imelala, mimi niko mezani na nota. Mwezi wa pili sasa tunajifunza Haleluya ya Handel, iliyomo katika Messiah. Mwenyewe aliitunga kazi nzima mwaka 1741 kwa siku kama 24 hivi. Sisi kipande kimoja tu, na besi bado wanaburuta.

Watu hudhani kazi yangu ni kupunga mikono. Kazi yenyewe ni hii ya alfajiri: nani anaingia lini, wanavuta pumzi wapi, nimtazame nani. Mkono ukipanda wanavuta pumzi, ukishuka sauti inatoka. Mpando ukiwa mzembe, wimbo umeshaharibika kabla haujaanza.

Saa 2 asubuhi, mtori Mbuyuni. Mlima umejifunika leo.

Saa 3 mpaka saa 7 nafundisha watoto kinanda nyumba kwa nyumba, Shanty Town, halafu Rau. Hii ndiyo inayolipa kodi. Kwaya hainilipi, isipokuwa msimu wa harusi.

Saa 8 mchana naandika nota za tarumbeta, na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Waimbaji wangu wanasoma kwa herufi, d r m f, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza karne ya 19. Wapiga tarumbeta wanasoma nota za mistari. Sasa, tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: mpigaji akisoma C, sikio linasikia B flati, hatua moja chini. Kwa hiyo wimbo ukiwa katika D, unamwandikia hatua moja juu, E. Nikaandika vizuri, nikatoa nakala mbili, nikajipongeza.

Saa 11 jioni, mazoezi. Wapigaji ni wawili: kijana aliyejifunzia kwenye bendi, na Babu, aliyefundishwa kwa mtindo wa bendi za kanisa za Kijerumani. Huko nota inaandikwa kama inavyosikika, na mpigaji ndiye anayejua avibonyeze vipi vidude vyake. Karatasi ileile, kijana akatoa D, Babu akatoa E. Sauti mbili zinazogombana namna ile, hata mbwa wa jirani akaitikia.

Nikasimamisha. "Babu, samahani, umepiga E."

"Mwalimu, mimi nimepiga ulichoandika."

Kweli tupu. Sikuwa na la kujibu. Akaomba kalamu, akakaa pembeni na miwani yake, akashusha nota moja moja, sisi tukaendelea na sauti za waimbaji. Dakika ishirini zilikwenda hivyo, na kosa ni langu.

Kijiti changu cha kuongozea nimekichonga kwa tawi la mbuni (mti wa kahawa, si ndege), mpini wake kizibo cha chupa. Chepesi, salama. Mfaransa Lully, mtunzi na mwongoza muziki wa zamani, alikuwa akipiga mdundo sakafuni kwa fimbo ndefu, akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa mwaka 1687. Huwa nawasimulia besi wakianza kusinzia.

Saa 1 usiku tukafika pale ninapopapenda na kupaogopa. Kabla ya haleluya ya mwisho Handel ameweka kimya. Kila chombo, kila koo. Na kila wiki kuna mama mmoja wa soprano anayetumbukia humo peke yake, kisha anafunika uso kwa kitenge. Tumejaribu kuhesabu, tumejaribu kushikana mikono. Leo nikawaambia wasihesabu chochote, wanitazame kifuani, nitakapovuta pumzi nao wavute.

Tarumbeta zikakubaliana. Tukapanda mpaka juu, nikakata. Kimya. Mama kashikilia. Besi wameshikilia. Mkono wangu uko hewani, sijavuta pumzi bado, na nje bodaboda akapiga honi.

Kicheko kilichotoka hakina nota. Babu akafuta macho. "Mwalimu, huyo naye hakukutazama."

Tukarudia kuanzia pale tarumbeta zinapoingia.