Oti za kuoka na matunda: hesabu maji ya tunda kwanza

Oti za kuoka zikitoka tepetepe, watu hulaumu oveni. Mara nyingi kosa ni maji ya tunda ambayo hayakuhesabiwa. Tofaa hushika maji yake. Stroberi huyaachia kwa wingi.

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, vipande 6, tayarisha oti bapa gramu 200, maziwa mililita 400, mayai 2, matofaa 2, ndizi 2 zenye madoa meusi kwenye ganda, bekingi poda na mdalasini kijiko kimoja kimoja cha chai, na chumvi nusu kijiko. Sukari haihitajiki. Ndizi iliyoiva hivyo, sehemu kubwa ya wanga wake imeshageuka sukari.

Washa oveni nyuzi 180 za Selsiasi na upake trei mafuta. Ponda ndizi, zipige na mayai, mimina maziwa, kisha tia oti na uache dakika 10. Tafadhali usiruke hatua hii! Oti zisipokunywa maziwa mapema, juu hukauka na chini hubaki tabaka la mayai na maziwa lililoganda peke yake. Baada ya hapo ndipo uchekechee bekingi poda, mdalasini na chumvi, maana bonge moja la poda likibaki, atakayelipata ataonja uchungu. Malizia na matofaa yaliyokatwa vipande vya sentimita 1. Vikizidi hapo, vitatoka vigumu.

Oka dakika 35 hadi 40. Kingo zianze kuachana na trei, na kisu kikichomwa katikati kisitoke na majimaji. Acha ipoe dakika 15 kabla ya kukata, kwa kuwa inaendelea kushikana nje ya oveni.

Ukitumia stroberi au beri nyingine badala ya matofaa, weka gramu 200 na upunguze maziwa hadi mililita 340. Zilizogandishwa zitie bila kuyeyusha, uongeze dakika 5 hadi 10 za kuoka. Nanasi lisilopikwa liepuke: lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa na mayai, mchanganyiko ukawa mchungu. Lichemshe dakika chache kwanza, joto hukiua.

Oti za kuiva papo hapo hugeuka uji, na zile za punje zilizokatwakatwa hubaki ngumu. Bapa ndizo zinazofaa.

Kinachoshibisha hapa ni nyuzinyuzi za oti, aina inayoitwa beta-glukani. Zikikutana na maji huwa kama ute mzito, chakula kikakaa tumboni muda mrefu zaidi. Mayai na maziwa huongeza protini. Juu weka mtindi mzito usio na sukari. Krimu tamu inafunika ladha ya tunda.

Ikifunikwa vizuri kwenye friji hudumu siku 4. Pasha moto kwa nyuzi 160, dakika 10, na kijiko cha maziwa juu ya kila kipande ili kisikauke.