Hii Asali ya Nani?

Mama mdogo alishuka basi la Tabora mwanzoni mwa Juni 2014 akiwa na ndoo mbili za asali ya Sikonge na fedha za kuchapisha lebo 500. Lebo zikiharibika, hana fedha nyingine. Kikundi chao kilikuwa kimepata kibanda kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba, barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Miaka yote asali yake iliuzwa kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Safari hii alinunua chupa za kioo za mdomo mpana. Akanikabidhi moja. "Mwanangu, ivalishe."

Lebo nilishaichora: sentimita 21 kwa 8, na jina ASALI YA SIKONGE limetanda karibu upana wote. Kwenye kompyuta ilinipendeza mno. Ila kabla ya kwenda kwa mchapaji nilitaka kumtengenezea mokapu, yaani picha ya mfano, kwenye programu ya Photoshop, aione chupa yake imevaa kabla hajatoa hata shilingi.

Nikaijaza asali, nikaipiga picha karibu na dirisha la sebuleni. Nikaikata kwenye mandhari yake kwa zana ya kalamu, nukta moja baada ya nyingine. Lebo nikaiweka juu kama leya, yaani tabaka la picha linalojitegemea, nikaanza kuipinda. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukingo wa juu na wa chini haupindi sawa. Ule ulio mbali zaidi na usawa wa kamera hujipinda zaidi, na ukiipinda yote kwa kipimo kimoja, jicho linakataa hata kama mtu hajui kwa nini. Mwisho nikanakili mng'ao wa dirisha kutoka kwenye kioo chenyewe, nikaupitisha juu ya lebo. Karatasi ikakaa kwenye chupa.

Na jina likapotea. Kilichosomeka ni "I YA SIK".

Nikachukua rula. Kipenyo cha chupa sentimita 7, mzunguko 22. Anayeitazama kwa mbele anaona nusu tu, na pembeni herufi zinabanana hata hazisomeki. Kinachobaki cha maana ni kama sentimita 7 au 8. Moyo ulinilipuka nikiwaza lebo 500 za namna ile. Nikaliandika jina upya kwa mistari miwili, likaenea mbele.

Usiku nikamwita. Alinyoosha mkono akagusa kioo cha kompyuta. "Umeichapa lini?" Nikamwambia ni picha tu, haipo bado. Akacheka kwa furaha, kisha akanyamaza, akainama karibu zaidi.

"Hii asali ya nani?"

Nilikuwa nimeing'arisha, ikawa ya dhahabu kama zile za kwenye maduka makubwa. Yake ni nyekundu iliyoiva, inakaribia chai ya rangi iliyokolea. "Mteja akiizoea hiyo ya pichani, akija kukuta yangu atasema nimechanganya sukari guru. Nimeirina mwenyewe hii, baba." Akaonesha na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, niliyoiweka kwenye kona ili lebo ionekane imekamilika. "Hiyo bado sijapewa. Itoe."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu alisema kweli. Nilizoea kuona mokapu kama mahali pa kupendezesha. Yeye aliiona kama ahadi anayoitoa kwa mtu asiyemjua. Nikaifuta alama. Nikaifuta leya ya kung'arisha. Akaileta chupa halisi, akaiweka kando ya kompyuta chini ya taa, tukawa tunalinganisha, mimi nikiongeza wekundu kidogo kidogo, yeye akitikisa kichwa.

"Hapo," alisema hatimaye. "Hiyo ni yangu."

Sabasaba nilipofika kibandani kwao nilikuta ameibandika ile picha ukutani kwa gundi ya karatasi. Chini yake alikuwa amezipanga chupa zenyewe, jina limetazama mbele, na mtu mmoja alikuwa ameinua moja kwenye mwanga akiangalia rangi.