Alikuwa akikaa wapi?

Asalaam aleykum wapendwa. Wiki ya tatu hii jambo limenikaa kooni, naandika tu nipumue, mwenye kukasirika akasirike.

Kijana wetu mmoja kafa huku London, tukachanga siku mbili tu. Grupu letu la Wapemba wa London simu haikupumzika, huyu pauni ishirini, huyu hamsini, mwengine yuko Kanada huko katia mia, mpaka hela ya kusafirisha maiti hadi Unguja na kuivusha Pemba ikatimia na ikabaki. Mungu awalipe. Lakini na mimi nimo humo grupu kwa hiyo naanza na nafsi yangu: yule kijana kalala nje miezi tisa na hakuna hata mmoja wetu alofungua mchango wa kumkodia chumba.

Na tulikuwa tukijua, tusidanganyane. Wako walomuona Stratford, mle ndani ya ile shoping senta ya zamani inayokaa wazi usiku kucha watu wakatandika maboksi wakalala, wakapita na simu masikioni. Mimi mwenyewe nilimkuta siku moja natoka shifti ya usiku, nikamwita kwa Kipemba akageuka, neno la kwanza kaniambia "dada usiseme nyumbani." Nikampa pauni kumi na sikusema. Nikajiona nimemstiri!

Ilianza akisikia watu wanamsema ukutani. Kazi ya ghala ikaondoka, mke akaondoka, chumba kikaondoka, kwa mpango huo huo. Wajuzi wetu wakasema karogwa, kuna mtu kwao hataki afanikiwe, likaagiziwa kombe kutoka nyumbani, yale maandishi ya aya yanaoshwa kwa maji mtu akanywa. Mie sibezi kombe, babu yangu alikuwa akiandika, lakini kombe halijawahi kumkataza mtu kumeza kidonge. Ila kwetu ukisema mtu apelekwe hospitali ya akili ushamtukana, si tunavyotaniana toka utotoni "wewe wa Kidongo Chekundu wewe", hospitali ya akili ya Unguja hiyo, sasa nani akubali mwanawe aitwe hivyo? Tunabeba maneno haya kwenye mabegi mpaka Ulaya.

Hospitali mwenyewe alijaribu. Alikwenda kituo cha daktari wa mtaa kujiandikisha akaulizwa barua yenye anwani, hana, akarudi zake. Na hapa England sharti hilo halipo jamani, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakutaki ithibati ya anwani wala kitambulisho, asokuwa na nyumba anaweza kuandikiwa hata anwani ya kituo chenyewe. Wa mapokezi ama hakujua ama hakutaka kujua. Na mtu anaesikia sauti hawezi kusimama akabishana na mapokezi, hiyo ilikuwa kazi yetu sisi tunaobishana na kaunsil kila siku kwa ajili ya bili.

Maana alikuwa na kisukari cha sindano. Akiba ya insulini inataka friji, friji liko wapi kwenye boksi? Halafu zile sauti zikawa zinamwambia dawa ina sumu. Akawacha. Ukiwacha insulini kwa kisukari kile sukari inapanda na damu inageuka asidi, ni siku chache tu, mtu anatapika, anahema kama alokimbia, anasinzia, na anaepita anadhani mlevi huyo. Kafa ana miaka 34.

Nikaenda kutafuta takwimu maana nilidhani huku wanaolala nje wanauliwa na baridi. Kumbe England na Wales mwaka 2019 walikadiriwa kufa watu 778 wasokuwa na makazi, zaidi ya thuluthi ni sumu ya madawa ya kulevya, kama mmoja katika saba kajiua. Wastani wa umri wanaume hawafiki 46, wanawake kama 43. Ikitabiriwa baridi ya nyuzi sifuri halmashauri hufungua pa kulala, vizuri, lakini sukari haingojei sifuri. Na ilipokuja korona 2020 waliwatoa watu barabarani wakawatia mahotelini ndani ya siku chache tu, maana yake wakitaka wanaweza.

Lakini serikali yao naiwacha, sisi je. Tuna grupu la harusi, grupu la boksi za kutuma nyumbani, la maiti ndo usiseme, lina mpaka mweka hazina. La kumshika mtu mkono mkaenda nae kwa daktari hakuna.

Baada ya maziko mamake kanipigia kutoka Wete. Sauti chini kabisa. Kaniambia, "Mwanangu, nasikia wewe ulikuwa ukimuona. Alikuwa akikaa wapi?"

Nikamwambia Stratford, mama.

"Nyumba nzuri?"

Nikamwambia kubwa mama, ina taa nyingi, haifungwi hata usiku.

Akasema alhamdulillah.