Kidonge cha saa 11 alfajiri

Kabla muadhini hajaanza nimeshameza kidonge cha tezi ya shingo, kwa maji matupu. FEFO, kile cha madini ya chuma cha wajawazito, nimeihamishia jioni. Miezi miwili mizima nilikuwa navimeza vyote pamoja na uji, kumbe madini ya chuma hukizuia kile cha tezi kisinyonywe vizuri tumboni. Inatakiwa zipite saa nne katikati. Nimeambiwa juzi tu, baada ya kipimo kwenda mrama na dozi kuongezwa.

Nikauliza: mbona naongezewa, kwani mtoto aliye tumboni hana tezi yake? Daktari akageuza bahasha na kunichorea kondo la nyuma. Tezi ya mtoto huanza kutengeneza homoni kwenye wiki ya 12 hivi, tena kwa kusuasua mpaka karibu wiki ya 20. Muda wote huo ubongo wake unategemea homoni ya mama. Mimi niko wiki ya 19. Ile miezi ya uji sitaki hata kuipigia hesabu.

Ila kilichoniteka ni hilo kondo. Miaka yote nilidhani ni mrija tu, mama anamimina, mtoto anapokea. Wapi! Lina kimeng'enya, diodinasi ya aina ya 3, kazi yake kunyofoa madini joto kwenye homoni. T4, homoni kuu ya tezi, imebeba atomi nne za madini joto. Ikinyofolewa moja ya upande wa nje inabaki T3, yenye nguvu. Ikinyofolewa ya ndani inabaki T3 ya kinyume, ambayo ni kama bure. Kimeng'enya hiki hunyofoa ya ndani. Kwa hiyo homoni yangu nyingi inazimwa mlangoni, inapita kidogo, maana ikizidi nayo humdhuru mtoto. Bawabu mkali kweli, na sijawahi hata kumwona.

Sasa tezi ya mtoto inataka malighafi. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, na mama mkwe anapikia chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi huku Mtwara, haijatiwa madini hayo.

"Mama, tubadili chumvi."

"Mwanangu, hii ndiyo iliyomkuza mumeo."

Nikanunua ya pakiti, nikaiweka jikoni. Hakusema neno. Leo nilipokuwa natafuta unga nimekuta chungu chake cha chumvi kimehamia nyuma ya gunia la makopa, kimefunikwa kwa kipande cha kanga.