Nilivyoacha kumrudisha kuku kiotani

Mwaka wa kwanza nilipofuga kuku wa kienyeji, kila aliyekuwa akiatamia alipoinuka nilimkamata na kumrudisha kiotani, nikihofia kwamba mayai yangepoa na kuwa viza. Nilimsumbua bure. Kwa kawaida huinuka mara moja kwa siku, akala, akanywa maji, akaoga vumbi na kuacha nje lile rundo la kinyesi ambalo kila mfugaji analijua kwa harufu yake, kisha hurudi mwenyewe baada ya dakika 15 hadi 30. Yai halipotezi joto upesi kiasi cha kudhuru kiinitete (kifaranga kinachoumbika ndani) kwa muda huo.

Joto lenyewe hutoka kifuani na tumboni. Homoni ya prolaktini, ile inayomfanya kuku aatamie, inapopanda, manyoya ya sehemu hizo hupungua na ngozi iliyobaki wazi hujaa mishipa ya damu, hivyo mwili wake wenye nyuzi joto zipatazo 41 hugusa maganda moja kwa moja, nayo mayai hukaa karibu na nyuzi 37.5. (Waliotumia mashine ya kutotoleshea wanajua kazi ya kuilinda namba hiyo umeme unapokatika.) Ngozi hiyohiyo humjulisha yai lililopoa. Kwa mdomo huyageuza mayai mara nyingi, usiku na mchana, akiyavuta ya pembeni yaje katikati; bila kugeuzwa, kiinitete huweza kunata kwenye utando wa ganda.

Kuhusu unyevu, niliwahi kunyunyizia kiota maji, jambo ambalo sasa naliona ni kiherehere. Yai linapaswa kupoteza takriban asilimia 12 ya uzito wake kwa mvuke wa maji unaotoka kupitia vitundu vya ganda ili kifuko cha hewa kipanuke, na kuku aliyejibana juu ya nyasi kavu huuzuia mvuke huo usitoke wote.

Kuanzia siku ya 19 hivi, vifaranga hulia wakiwa bado ndani, naye huwajibu kwa sauti ya chini na ni nadra kuinuka. Wanaotangulia huishi kwa kiini walichokifyonza, hata siku mbili bila chakula, kwa hiyo anaweza kuwasubiri wenzao. Mzao uliopita, kati ya mayai 12 walitoka 10 siku ya 21. Aliyalalia mawili yaliyobaki hadi kesho yake asubuhi, kisha akatoka na watoto wake uani bila kugeuka nyuma. Niliyapasua mbali na banda. Yote mawili yalikuwa viza.