Mkono wa Idi

Idi ya mwaka 2020 ilitukuta tumefungiwa Mji wa Kale, Mombasa. Tangu tarehe 6 Mei hakukuwa na kuingia wala kutoka. Misikiti ilikuwa imefungwa, na Makadara, ambako watoto hujazana kwenye bembea kila sikukuu, palikuwa kimya. Mume wangu alikuwa mhudumu wa hoteli Nyali. Hoteli ilipofunga alirudi na kibegi cha nguo za kazi, akawa mtu wa kulala mchana. Mdogo wetu alitimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, na kadi yake ya kliniki ikabaki kwenye droo. Niliogopa foleni ya zahanati kuliko surua yenyewe. Alichanjwa Juni, njia zilipofunguliwa.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni yule mkubwa, wa miaka saba.

Shule zilifungwa Machi, na yeye si mtoto wa kukaa ndani. Mtoto wa Kibokoni utamzuiaje asitoke barazani? Siku moja nilipochoka nikamwambia, "Haya toka, ukarudi na korona umpe bibi yako, afe." Akavua viatu. Nami, sitaficha, nilijipongeza.

Sabuni ikawa inakwisha upesi. Nikamgombeza mume wangu.

Asubuhi ya Idi tuliswali nyumbani. Kanzu mpya haikuwako. Ile ya mwaka uliopita ilikuwa imempanda juu ya vifundo. Mama mkwe alikaa kitandani, leso mabegani, noti mbili za hamsini kiganjani.

"Njoo mjukuu wangu, njoo uchukue mkono wa Idi."

Mtoto akasimama mlangoni, mikono nyuma. Akaitwa tena, na tena.

"Siji, bibi. Nitakuua."

Nikamvuta, nikaitazama mikono yake. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imechanika, nyekundu, na ncha za vidole zimenyauka kama za dobi. Alikuwa akinawa tangu alfajiri, akasema, ili awe tayari.

Mama mkwe alinitazama mimi, si yeye. Hakuuliza ni nani aliyemwambia. Aliagiza beseni, akanawa mpaka viwikoni kama anayetawadha, kisha akazitia noti kwenye povu, akazisugua mojamoja, akanipa nizianike kwenye kamba kwa vibanio.

"Zikikauka ni zako, baba. Hazina kitu tena."

Akakaa chini ya kamba kuzilinda mpaka karibu adhuhuri, pilau ikimngoja. Pesa alizichukua. Mkono wa bibi hakuubusu, na bibi hakumlazimisha.

Usiku nikampaka mafuta ya nazi, nikamwambia yale maneno yangu yalikuwa ya uongo.

"Uongo upi, mama? Korona haiui?"

Nikaendelea kupaka.

Ulipita mwezi na zaidi. Jioni moja mama mkwe alikuwa amekaa barazani akishona kofia. Mtoto akapita nyuma yake, akamgusa bega upesi, kama mtu anayejaribu sufuria kama ina moto, akasimama pale pale kumtazama. Bibi hakugeuka. Alivuta uzi, akaingiza sindano tundu la pili.